Umbali wa Kigali na Bujumbura



Mwenzetu mmoja alisimama katika ukumbi huu akasema suala la umbali limekwisha. Chukua latitudo na longitudo za viwanja viwili vya ndege, tafuta kilomita, gawanya kwa mwendo wa ndege. Kigali na Bujumbura ni kama kilomita 175, chini ya nusu saa angani. Hesabu yake ni sahihi. Hoja yake naikataa.

Ndege hupanda, hushuka, hungoja zamu. Kigali hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 755. Kwa kugawanya utapata saa moja kasoro, lakini ratiba huandika karibu saa moja na nusu. Hayo mnayajua.

Lililo zito ni kwamba anga nayo ina wenyewe. Februari 2025, vita vikiwaka Kivu, Kongo ilipiga marufuku ndege zilizosajiliwa Rwanda kupita kwenye anga yake. London haikusogea, ila RwandAir, shirika la ndege la Rwanda, ililazimika kuzunguka, na safari zake za kwenda huko zikarefuka. Kanuni ya mwenzetu ilibaki na jibu lilelile la Januari. Kipimo kisichoona badiliko kubwa namna hiyo kinapima nini?

Kwa kipimo kinachoona zaidi, niruhusuni nikae kidogo na kitabu nikipendacho kuliko vyote, Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na Heinrich Brode akayachapisha. Alikuwa mfanyabiashara wa watumwa, na hilo silisahau. Lakini kwa habari za njia sijaona mwalimu wa kumzidi. Nchi anaihesabu kwa siku za mwendo, na ndani ya siku hizo mna njaa, mna wapagazi wanaotoroka, mna hongo, ule ushuru wa kupita nchi ya Ugogo. Mtawala akikuzuia, safari imekuwa ndefu. Msomaji wake hapewi urefu wa njia bila kupewa masharti ya kuipita.

Hayo yametupata na sisi. Shangazi yangu aliugua Bujumbura mwanzoni mwa 2024. Zamani mtu wa Nyakabanda, mtaa wetu wa Kigali, alipanda basi asubuhi, akapita Huye na Akanyaru, jioni akala ndagala kwa ndugu zake. Januari ile Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Binamu yangu, mfuko wa dawa mkononi, alizungukia Rusumo, akaingia Tanzania, akatokea Kobero. Alifika kesho yake, mgonjwa keshazikwa.

Sisemi tutupe kilomita. Rubani hawezi kujaza mafuta bila kuzijua, na dereva wa lori la Dar es Salaam huzihitaji kila siku. Hata hivyo nashikilia kwamba ruhusa ni sehemu ya umbali wenyewe, wala si jambo la kuachiwa wanasiasa.

Wanafunzi wangu wa jiografia, nawaombeni: kila mnapoandika umbali kati ya miji miwili, andikeni pia njia iliyopitwa, mpaka uliovukwa, na tarehe.