Uvunguni mwa Kitanda: Usalama wa Mtoto Mdogo Katika Kaya za Wakulima wa Katavi

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maofisa ugani na maofisa maendeleo ya jamii, Mpanda



Waandaaji wameniomba nieleze namna ya kuifanya nyumba iwe salama kwa mtoto mdogo, na nianze na maana ya maneno. Maana nitazipitia haraka, kwa kuwa wengi wenu mmezifundisha kuliko mimi.

1. Maana ya maneno

Mtoto mdogo, kwa mada hii, ni aliye chini ya miaka mitano, na zaidi yule aliyeanza kutambaa mpaka anapotimiza miaka mitatu. Huyo anajua ulimwengu kwa mdomo. Nyumbani ni chumbani, jikoni, uani, na kila mahali mama anapofanyia kazi mtoto akiwa pembeni yake, shambani na kwenye bani la kukaushia tumbaku pia. Usalama mnaujua. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeuweka ulinzi na usalama kuwa moja ya maeneo yake matano, pamoja na afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Kabla yake tulikuwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwa upande wa maandishi hatuna upungufu.

2. Hatari kwa jumla

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti kuhusu ajali za watoto na vijana walio chini ya miaka 20. Walikadiria kuwa kila mwaka, duniani kote, watoto 175,000 hufa kwa kuzama majini, 96,000 kwa moto, 47,000 kwa kuanguka na 45,000 kwa sumu.

Kuhusu moto, kwetu mafiga yako chini, na aliyeanza kutembea jana hajui kukwepa. Jiko likiinuliwa kwa matofali, au likizungushiwa ukuta mfupi, ajali nyingi zinakwisha. Kuhusu maji, kisima kiwe na mfuniko, na ndoo isiachwe wazi uani. Mtoto wa mwaka mmoja akiinamia ndoo, kichwa chake kizito humtangulia, na maji ya kina cha vidole vichache yanatosha kumwua.

Katika hesabu ya ripoti ile sumu imekuja nyuma. Nimewahi kuulizwa katika vikao kwa nini naing'ang'ania wakati moto na maji vinaua zaidi. Jibu langu ni kwamba moto unajulikana ni moto. Mama hahitaji semina ili aambiwe makaa yanaunguza. Sumu ninayoizungumzia inakaa ndani ya chupa ya soda, imefungwa kwa kizibo cha soda, na nyumbani inaitwa dawa.

3. Chupa

Naomba mnivumilie hapa, maana hili ndilo lililonipa usingizi wa mang'amung'amu kwa miaka mingi ya kazi.

Mkoa wetu ni wa wakulima na wafugaji. Tunalima tumbaku, pamba, mahindi na mpunga, na tuna mifugo mingi. Tena tunaongezeka kwa kasi. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 564,604, na ile ya 2022 ikatukuta 1,152,958. Kaya mpya ni nyingi, na kaya mpya huanza na chumba kimoja au viwili, kitanda, magunia na jembe. Kabati hakuna. Kila kitu cha thamani hukaa uvunguni: mbegu, nguo za kanisani, pampu ya kunyunyizia na chupa ya dawa ya pamba. Dawa imenunuliwa kwa pesa ya kukopa, na nje inaweza kuibwa. Sasa niambieni, katika nyumba hiyo, ni nani anayeishi kwenye kimo cha uvungu? Baba hainami huko ila siku ya kupulizia. Mtoto anayetambaa yuko huko kutwa nzima.

Kwa miaka tumebandika mabango yasemayo weka mbali na watoto. Mimi mwenyewe nimeyabandika. Lakini "mbali" katika chumba kimoja si mahali. Mama aliyesoma bango lile akarudi nyumbani hakuwa amepewa kitu cha kufanya, na mtoto wake alipodhurika tulimwita mzembe. Naona tulimwonea.

Jambo la pili ni namna dawa inavyonunuliwa. Mwenye nusu eka ya mahindi hana haja ya lita nzima, wala hana pesa yake. Anakwenda dukani na chupa tupu ya maji au ya soda, anasema nipimie ya shilingi elfu mbili. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, hata kaya ambazo hazikuwahi kupulizia mahindi zimeanza kupimiwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe inapimwa vilevile. Mafuta ya taa yalipimwa hivyo tangu zamani. Kodi yake ilipandishwa mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na leo nyumba nyingi zinawasha taa za sola, lakini mazoea ya kupima hayakuondoka, yamehamia kwenye vitu vikali zaidi. Kostiki ya kutengenezea sabuni nayo inauzwa kwa kupimwa, na mtoto akiilamba inamchoma kuanzia mdomoni mpaka kwenye koo la chakula.

Chupa ikishapimiwa inapoteza mambo matatu kwa mpigo: kizibo cha kiwandani, ambacho mara nyingi ni kigumu kwa mkono mdogo, rangi na alama ya hatari, na lebo. Hilo la lebo, wenzangu wa zahanati wanalijua kwa uchungu. Mtoto analetwa anatoka jasho, mate yanamiminika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anapumua kwa shida. Dalili hizo zinaelekeza kwenye viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, na atropini ikiwahi inaokoa. Lakini si kila kiuatilifu ni cha jamii hiyo. Tunauliza: amekunywa nini? Tunajibiwa: dawa. Dawa gani? Dawa ya wadudu. Tunaonyeshwa chupa, imeandikwa jina la soda.

Neno hilo "dawa" nalo linahitaji kutazamwa. Tunasema dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya pamba, dawa ya ng'ombe, kisha kwa sauti ileile tunamwambia mtoto njoo unywe dawa upone. Mtoto wa miaka miwili na nusu ameshaelewa kwamba dawa inanywewa. Kwenye karatasi tunaandika viuatilifu, neno ambalo nyumbani halijafika. Mimi siku hizi nikiwa kijijini nasema sumu ya pamba, sumu ya ng'ombe, na sijaona mkulima aliyeshindwa kunielewa.

Nimewahi kulifikisha suala la kupima kwenye kikao cha ofisi moja, sitaitaja. Nikaambiwa ni la biashara, si la afya. Ofisi ya pili ikasema ni la kilimo. Sina nia ya kuingilia mamlaka ya mtu. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 imeunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na udhibiti wa viuatilifu uko mikononi mwake. Ninachosema ni kwamba mtoto anayeletwa usiku hafiki kwa idara.

Na suluhisho lipo, tena tumelishika mkononi. Wakulima wa pamba mnaijua ekapaki, yaani kiuatilifu kilichofungwa kwa kipimo cha eka moja. Anayepewa ekapaki hana sababu ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Kama pamba imeweza, mahindi na nyanya na ng'ombe vinashindwa nini? Watakaosema vizibo ni jambo dogo niwakumbushe Afrika Kusini, ambako kaya za eneo moja ziligawiwa vyombo vya mafuta ya taa ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Idadi ya watoto waliokunywa mafuta ya taa katika eneo hilo ilipungua kwa karibu nusu. Watoto walikuwa walewale na nyumba zilezile, ila chombo kilibadilika.

4. Vidonge vya mahindi

Hili ni fupi lakini msilidharau. Baada ya mavuno, magunia ya mahindi yanalala chumba kimoja na watoto, na wapo wanaotia humo vidonge vya aluminiamu fosfaidi kuua wadudu. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua kila kinachopumua, na gesi hiyo haina dawa ya kuipinga. Mtoto anaamka anatapika, kifua kinambana, na sisi tunafikiria malaria au chakula kibovu. Mkikuta kaya yenye watoto wawili watatu wanaotapika kwa pamoja asubuhi katika msimu wa kuhifadhi nafaka, watoeni nje kwanza, wapelekwe kituoni, kisha ulizeni kuhusu magunia.

Mifuko isiyopitisha hewa, ile wengine wanaiita kinga njaa, inaua wadudu kwa kuwanyima pumzi, bila kidonge chochote. Bei yake inazidi ya gunia la kawaida, lakini mfuko ukitunzwa hutumika zaidi ya msimu mmoja.

5. Mtoto akishakunywa

Msimtapishe. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia kwenye mapafu, na kostiki ikirudi huunguza mara ya pili. Maziwa hayaui sumu. Yanaweza kumfanya atapike na kupaliwa, na yanakula muda. Mvueni nguo zilizomwagikiwa, mwosheni kwa maji na sabuni, anayemwosha ajikinge mikono. Kama ni kostiki, asukutuliwe mdomo kwa maji. Mlazeni ubavu, muondoke mara moja, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu madhara ya mafuta ya taa kwenye mapafu yanaweza kuchukua saa kadhaa kujitokeza. Chupa ije na mtoto. Kutoka Karema kuja Mpanda mjini ni zaidi ya kilomita 100, na kila dakika iliyopotezwa kutafuta maziwa inaongezwa kwenye safari hiyo.

6. Mapendekezo

Kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii:

(i) Mnapotembelea kaya yenye mtoto chini ya miaka mitatu, ombeni ruhusa mtazame uvunguni. Muombeni mama kwa heshima, na msimkaripie kwa mtakachokikuta.

(ii) Msiishie kusema "mbali na watoto". Tajeni mahali: kisanduku cha mbao chenye kufuli, kilichopigiliwa ukutani juu ya kichwa cha mtu mzima, nje ya chumba cha kulala na mbali na kihenge. Fundi wa kijijini anaweza kukitengeneza kwa mabaki ya mbao. Asiye na kisanduku aning'inize ndoo yenye mfuniko kwenye kenchi wakati anajipanga.

(iii) Semeni sumu. Acheni kusema dawa.

(iv) Fundisheni pia dada na kaka wanaobaki na mtoto mama akiwa shambani. Wao ndio walezi wa mchana.

(v) Jiko liinuliwe, kisima kifunikwe, ndoo isiachwe wazi, kama nilivyosema mwanzoni.

Kwa maofisa ugani na vyama vya msingi:

(vi) Siku ya kugawa pembejeo, maelezo ya kutunza chupa nyumbani yatolewe pamoja na ya kupulizia. Leo mkulima anafundishwa kipimo cha maji kwenye pampu, lakini haambiwi chupa iliyobaki ilale wapi.

(vii) Chupa tupu zitobolewe zisitumike tena, na ziwe na mahali pa kukusanywa. Kuisuuza hakutoshi kuifanya chupa ya sumu iwe ya mafuta ya kula.

(viii) Mifuko ya kinga njaa iagizwe kupitia vyama vya msingi kabla ya mavuno, maana baada ya mavuno mahindi yameshaingia chumbani.

Kwa halmashauri, na kwa heshima, kwa TPHPA:

(ix) Maduka yanayopimia viuatilifu kwenye chupa za vinywaji yafuatiliwe, kwa kuanza na maelekezo kisha hatua za kisheria. Tukianza na adhabu, upimaji utahamia nyuma ya duka.

(x) Vifungashio vidogo vya kiwandani, kwa mfano wa ekapaki, vipatikane kwa mahindi, mboga na mifugo. Nalirudia kwa sababu bila hili pendekezo la (ix) litamwumiza mkulima mdogo, naye atatafuta njia ya kulikwepa.

Kwa vituo vya afya:

(xi) Atropini isikosekane katika msimu wa kupulizia. Maoteo ya dawa yafuate kalenda ya kilimo.

(xii) Kila mtoto aliyepata sumu aandikiwe, pamoja na yale ya kawaida, mambo mawili: sumu ilikuwa katika chombo gani, na chombo kilikuwa wapi. Takwimu za MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya, zinatusaidia kujua aliugua nini. Hayo mawili ndiyo nitakayoyapeleka kwenye ofisi zile mbili.

(xiii) Daftari la mambo hayo lianzie kliniki ya watoto wiki ijayo, bila kusubiri fomu rasmi. Nimeleta nakala 30 zilizopigwa mistari kwa mkono, ziko mezani karibu na mlango.