Tahadhari ya Mafuriko Hutolewa Lini?

Ndugu wakulima wa Urambo,

Mvua za Novemba mpaka Aprili ndizo mali yetu. Bila hizo hatupati tumbaku, wala mahindi, wala mpunga wa mbugani. Lakini mvua ikizidi huharibu kazi ya msimu mzima kwa usiku mmoja. Basi yafaa kila mkulima ajue maana ya tahadhari zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Tahadhari ya mvua kubwa hutolewa wataalamu wanapoona kwamba huenda ikanyesha zaidi ya milimita 50 katika saa 24. Pengine utasema hizo ni kidogo, kimo cha vidole vitatu tu. Hebu tufanye hesabu. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Kwa hiyo milimita 50 katika eka moja ni kama mapipa 1,000 ya lita 200. Udongo mweusi wa mbuga ukiisha kushiba hauwezi kuyanywa maji hayo. Yatakimbilia bondeni na kujaza vijito kwa ghafla.

Tahadhari zina rangi tatu, kwa kadiri ya uwezekano wa mvua na ukubwa wa madhara yake.

Njano ni angalizo. Zibua mifereji ya shamba, maana tumbaku iliyosimama majini hunyauka upesi. Usitie mbolea siku hizo. Itachukuliwa na maji.

Chungwa ni tahadhari. Peleka mbegu, mbolea na chakula mahali pa juu. Ondoa mifugo bondeni.

Nyekundu ni tahadhari kubwa. Wakaao mabondeni na wahame mchana, wasingoje usiku.

Wengine hulalamika: "Walitangaza, na kwetu haikunyesha." Ndugu zangu, tahadhari si ahadi, ni habari ya hatari inayoweza kuja. Tena mvua yaweza kunyesha vijiji vya juu, na maji yakakufikia huku kwako kukiwa na jua. Kwa hiyo usiamini mbingu ya kwako peke yake.

Hatuna mlima kama Hanang, ambako tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka mpaka Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Lakini vijito tunavyo, na watoto wetu huvivuka kwenda shule. Maji yaendayo kasi, hata yasipofika magotini, huweza kumwangusha mtu mzima. Kijito kikijaa, mtoto na abaki nyumbani, na mwenye baiskeli au pikipiki angoje maji yapungue.

Sikilizeni utabiri katika redio kila jioni, na mkisikia, mwambieni jirani asiye na redio. Shamba lililozama laweza kulimwa tena mwaka ujao. Mtu aliyechukuliwa na maji harudi.