Chumba cha Yule Aliyemtunza Mama

Fungu letu la leo ni mstari mmoja tu, Mwanzo 35:8. Humo twasoma habari za Debora, mlezi wa Rebeka, jinsi alivyofariki akazikwa chini ya mwaloni karibu na Betheli. Mti ule ukaitwa Alon-bakuthi, maana yake mwaloni wa kilio. Debora alikuwa mtumishi, aliyetoka kwao pamoja na Rebeka siku alipokwenda kuolewa. Kifo cha Rebeka mwenyewe hakikusimuliwa katika kitabu hicho. Cha mlezi wake kimeandikwa, na kaburi lake likapewa jina.

Nimelisoma fungu hili kwa aibu. Miaka michache iliyopita niliitwa kumwombea mama mzee wa parishi yangu. Watoto wake walikuwa wamepatana kumpeleka katika makao ya wazee, kwa kuwa hakuweza tena kujigeuza kitandani. Nikaomba kwa ajili ya safari, nikaomba kwa ajili ya wauguzi, gari likaondoka. Mwana wake akatia kufuli mpya mlangoni. Jioni nikamkuta mwanamke ameketi kwenye ngazi za kanisa, ana sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba. Huyo ndiye aliyemwogesha na kumlisha yule mama kwa miaka tisa, akilala chumba cha nyuma. Asubuhi ile nilikuwa nimemshika mkono, wala sikumwuliza atalala wapi.

Watoto wale si watu wabaya. Walidhani mama akiondoka kazi imekwisha, na kazi ikiisha chumba nacho kimekwisha. Wengi wetu twadhani vivyo hivyo. Lakini Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haisemi hivyo. Mwajiri lazima ampe mfanyakazi mahali pa kufaa pa kulala, au ampe fedha za kupanga nyumba juu ya mshahara wake. Mgonjwa kuhamishwa hakuvunji mapatano ya kazi. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 kwa maandishi, au alipwe mshahara wa siku hizo. Na kama haielewi barua, asomewe kwa lugha anayoifahamu. Siku hizo zote angali mfanyakazi, na chumba ni haki yake. Kisha ziko likizo ambazo hakuzichukua, na kama hakuwekewa akiba katika NSSF, yako malipo ya kila mwaka aliotumika.

Wengine husema, “Lakini hatukuandikiana.” Mapatano ya mdomo nayo ni mapatano. Kuandika ni kazi ya mwajiri, na asipoandika, ni juu yake kuthibitisha walivyopatana.

Sisemi chumba ni chake daima. Siku za notisi zikiisha na haki zake zikilipwa, ataondoka. Ninayemwogopea zaidi ni yule binti wa ukoo aliyeacha shule amwuguze shangazi, asiye na mshahara wala mapatano. Huyo sheria ya kazi haimsaidii sana, na mara nyingi hakumbukwi kikao cha jamaa kinapoketi. Wazee wa kanisa, mkialikwa katika vikao hivyo, ulizeni habari zake kabla nyumba haijafungwa.

Yule mwanamke alilala kwetu siku mbili. Nilimpigia simu yule mwana, nikamweleza haya, na kwanza alikasirika. “Kasisi, hayo ni mambo ya nyumba yetu,” akaniambia. Nikamjibu kwamba godoro liko sebuleni kwangu. Siku ya tatu alikuja na ufunguo. Wakahesabu pamoja mezani petu, mwaka hata mwaka, mke wangu akiandika. Hesabu ilipita alivyotazamia, akaomba alipe kwa miezi mitatu, na yule mwanamke akakubali. Kisha akamwuliza yule kijana kama wale wauguzi wanajua kwamba mama hawezi kulala taa ikiwa imezimwa.