Baada ya Tiba, Mwili Unahitaji Mwendo



Mgonjwa wa saratani anapomaliza tiba na kurejea nyumbani, jamaa humpokea kwa mapenzi. Huondolewa ndoo mkononi, hunyang'anywa ufagio, na kila ainukapo huambiwa, "Wewe kaa, pumzika." Wema huo tunauheshimu. Lakini ukizidi, humdhuru yule tunayemhurumia: misuli isiyotumika hunyong'onyea, na uchovu ulioletwa na ugonjwa pamoja na dawa huongezeka badala ya kwisha.

Uchovu huo ndio unaowafungulia mlango wauzaji wa chupa na vidonge vya "kurudisha nguvu" na "kuzuia saratani isirudi". Kwa kuwa wajibu wetu ni kumlinda mtumiaji, tunawasihi: kabla ya kutoa fedha, ulizeni bidhaa hiyo imesajiliwa kwa matumizi gani, kisha mwonesheni daktari lebo yake. Baadhi ya mitishamba na virutubisho huingiliana na dawa za saratani.

Kutembea hakuuzwi dukani, na ushahidi wake upo. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao CHALLENGE, uliohusisha wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kupasuliwa na kupewa dawa. Kundi moja liliongozwa katika mazoezi kwa miaka 3. Jingine lilipewa maandishi ya ushauri tu. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai walikadiriwa kuwa 90 katika kila 100 kwa kundi la mazoezi, na 83 kwa kundi la pili. Utafiti huo ni wa saratani moja, na mazoezi hayachukui nafasi ya tiba. Lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima, wakiwemo waliotibiwa saratani, wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Hesabu hiyo isimtishe mtu. Anza kwa dakika 10 asubuhi, jua likiwa bado pole, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Wiki ijayo ongeza kidogo. Kufagia uwanja na kupalilia bustani navyo vinahesabika.

Akina mama waliotolewa tezi za kwapani kwa saratani ya matiti wengi huogopa kutumia mkono. Tafiti zimeonesha kwamba kuinua uzito mdogo na kuuongeza polepole, chini ya mwongozo wa mtaalamu, hakuzidishi uvimbe wa mkono.

Tahadhari zipo. Aliyeambiwa kuwa saratani imefika kwenye mifupa, mwenye moyo dhaifu, upungufu mkubwa wa damu au kidonda kisichopona, amwone daktari kwanza. Aliyekufa ganzi miguuni avae viatu vya kufunika na atembee penye njia sawa. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, homa au uvimbe mpya, simama na uende hospitali.

Nanyi jamaa, msimwambie tena akae. Vaeni viatu mwandamane naye.