Alama ya –1 juu ya saini: unatafuta pembe au urefu?

[MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNAPUNGUA]

MTANGAZAJI: Kipindi cha leo ni cha wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Chukua daftari na kalamu. Mzazi, nawe usizime redio, maana mfano wetu ni paa la nyumba.

Tukumbushane kwanza. Katika pembetatu yenye pembe mraba, saini ya pembe ni upande unaoitazama pembe hiyo, ugawanywe kwa upande mrefu kuliko zote. Unaipa saini pembe, inakupa namba. Saini ya digrii 30 ni 0.5.

Sasa twende kwa fundi. Boriti yake ya paa ina urefu wa mita 4, na kutoka ukutani hadi kileleni inapanda mita 2. Mbili gawanya kwa nne ni 0.5. Anauliza: paa limeinama digrii ngapi? Namba anayo, anatafuta pembe. Basi anarudi nyuma, kutoka kwenye namba hadi kwenye pembe. Kwenye kikokotoo anabonyeza SHIFT, halafu sin, halafu 0.5. Jibu ni digrii 30.

Fundi wa pili anajua pembe, digrii 30, na kimo, mita 2. Anataka kujua anunue boriti ya urefu gani. Huyu anachukua moja, anagawanya kwa saini: 1 ÷ 0.5 = 2. Anazidisha kwa kimo, anapata mita 4. Hiyo moja gawanya kwa saini ndiyo kosekanti. Ameipa pembe, imempa namba.

[MUZIKI MFUPI]

Mbona watu huchanganya? Ni ile alama. Tano yenye –1 juu yake ni moja kwa tano. Lakini –1 ikikaa juu ya sin haigawanyi kitu. Inakuambia urudi nyuma. Alama hiyo ililetwa na John Herschel wa Uingereza mwaka 1813, na tunaitumia hadi leo. Vitabu vingine huandika arcsin, na maana ni ileile.

Ukigawanya 1 kwa 0.5 ukaandika "digrii 2", umepoteza alama za mtihani. Tena paa la digrii 2 ni kama sakafu: mvua ikinyesha, maji yatatuama juu yake. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe, jiulize: natafuta pembe au natafuta urefu?

Zoezi la wiki: mti wa mita 3 una kivuli cha mita 3. Tanjenti ni 1. Jua liko digrii ngapi juu ya upeo wa macho? Ukipata digrii 1, toka nje asubuhi jua linapochomoza, utazame kivuli chako kilivyo kirefu. Kisha rudi kwenye daftari.

Tukutane wiki ijayo. Kwaherini.

[MUZIKI WA KUFUNGA]