Heshima ya Mzee Si Chakula na Dawa Tu

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyetuumba dhaifu, akatupa nguvu baada ya udhaifu, kisha akaujaalia uzee na mvi viwe mwisho wa nguvu hizo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba wake, na kila awafuataye kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni pamoja na kujiusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani hakika wamefuzu wamchao.

Ndugu Waislamu, nanyi wasikilizaji mlio majumbani, hotuba yetu ya leo inahusu wazee wetu. Katika Sura ya Bani Israil, aya ya 23, Mwenyezi Mungu ameamrisha asiabudiwe yeyote ila Yeye, na papo hapo akaiambatanisha amri hiyo na kuwatendea wema wazazi. Kisha akaitaja hali yao wanapofikiwa na uzee wakiwa kwetu, akatukataza hata mguno mdogo wa kuchoka nao, akatuamuru tuseme nao kwa kauli ya heshima. Tulizingatie neno hili heshima, kwani wengi wetu tumelifupisha. Tumedhani kwamba tukimlisha mzee, tukamvisha na kumnunulia dawa, basi tumekwisha kutoka katika deni.

Mtazameni mzee aliyekuwa mvuvi. Mwanawe, kwa mapenzi, alimwambia, "Baba umechoka, sasa pumzika," akaziondoa nyavu alizokuwa akizishona uani. Mama naye, aliyezoea kusuka ukili, akaambiwa aache, mikeka inauzwa dukani. Minazi ikauzwa pasi na wao kuulizwa, na posa ya mjukuu wakaisikia kwa majirani. Chakula huja kwa wakati wake, wala hakuna aliyewatukana. Lakini tangu asubuhi hadi magharibi wamekaa, na hakuna mtu mwenye haja nao. Wakianza kunyong'onyea na kusahau, twasema: huo ni uzee. Ndugu zangu, sehemu ya hayo ni uzee, na sehemu ni sisi wenyewe.

Kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Sura ya Al-Qasas kinatufundisha adabu ya jambo hili. Alipofika kwenye maji ya Madyan aliwakuta wanawake wawili wamezuia wanyama wao, nao wakamweleza kwamba baba yao ni mzee sana. Mzee yule hakuwa tena na nguvu za kunywesha wanyama, na binti zake walimbebea kazi hiyo. Hata hivyo, ilipofika zamu ya kumwajiri Musa, binti alitoa shauri tu, na baba ndiye aliyekata neno. Baba ndiye aliyetaja muda wa kazi, na baba ndiye aliyeoza. Wale mabinti walimpunguzia baba yao mzigo, lakini hawakumpokonya nafasi yake.

Wataalamu wa zama zetu nao wamelitafiti jambo hili. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walitangaza matokeo ya uchunguzi waliofanya katika nyumba ya kutunzia wazee katika jimbo la Connecticut. Wazee wa kundi moja waliambiwa kwamba mambo yao yamo mikononi mwao. Kila mmoja alipewa mche wa kuutunza mwenyewe, na wakaachiwa kuchagua siku ya kutazama sinema. Wazee wa kundi la pili nao walipewa miche, lakini waliambiwa kwamba wauguzi ndio watakaoimwagilia maji, na siku ya sinema wakapangiwa. Kwa chakula, malazi na matibabu makundi hayo hayakupishana. Baada ya wiki 3, katika kundi la kwanza asilimia 93 walionekana kuwa na hali bora kuliko mwanzo, na katika kundi la pili asilimia 71 walionekana kuwa wamezidi kudhoofika. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo, wala hatusemi kwamba mche ni dawa ya uzee. Tunalosema ni kwamba mtu huchangamka akiwa na kitu kinachomtegemea, na hulegea akifanyiwa kila kitu.

Na mche huo unatukumbusha Hadithi aliyoipokea Anas bin Malik (R.A.), ambamo Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche wa mtende mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Ikiwa aliyefikiwa na Kiyama hakuambiwa aache kupanda, itakuwaje sisi tumwambie mwenye miaka 70 kwamba kazi yake duniani imekwisha?

Pengine mtasema kwamba mche ni kitu kidogo. Basi tazameni kikubwa zaidi. Katika mji wa Baltimore, huko huko Marekani, watu wa miaka 60 na zaidi walipangiwa kwenda katika shule za msingi kwa saa 15 kila wiki, kuwasaidia watoto kusoma. Watafiti waliowafuatia, na kutoa taarifa yao mwaka 2004, waliona kwamba wazee hao walizidi kutembea, walipata watu wengi zaidi wa kuwategemea, na walipunguza kukaa mbele ya televisheni. Walikwenda kuwafaa watoto, nao wakafaidika. Nasi tuna vyuo vya Kurani vyenye watoto wengi na walimu wachache, na majumbani mwetu wamo wazee waliohifadhi Juzuu Amma kabla wengi wetu hatujazaliwa. Nani amewaita?

Enyi Waislamu, hata burudani ina haki yake. Hanzala (R.A.) alipomlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba akiwa mbele yake moyo humlainika, na akirejea kwa watoto na shughuli zake husahau mengi, Mtume alimweleza kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Basi mzee anayecheza bao barazani na wenzake, pasi na kamari na pasi na kupitwa na sala, asibezwe. Bao humtaka ahesabu na akumbuke, na wenzake hugundua mapema siku asipofika. Vivyo hivyo kutembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, na mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke angalau siku 3, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Dakika hizo ni kama 20 na ushei kwa siku. Mzee anayeshikwa mkono akaenda msikitini na kurudi huzipata, na kila hatua yake ina ujira.

Tunaishukuru kila hatua ya kuwakidhia wazee haja zao, kama pensheni ya jamii iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 2016 kwa waliofikia miaka 70. Lakini fedha haiketi na mtu kuzungumza naye. Basi kila mmoja wetu, kabla ya Ijumaa ijayo, na afanye mambo matatu. Amwulize mzee wake shauri katika jambo la kweli, na alifuate likiwa la haki. Amrudishie kazi moja aliyoipenda na anayoiweza. Na aketi naye, amsikilize bila haraka, hata kisa kikiwa kimekwisha simuliwa mara kumi.

Nanyi wazee wetu, msikubali kuhesabiwa mmemaliza. Aliye kitandani hawezi kushika jembe, lakini anaweza kumsahihishia mtoto Fatiha, na dua yake twaihitaji.

Ewe Mwenyezi Mungu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tungali wadogo. Wape wazee wetu afya, nuru ya macho na utulivu wa nyoyo. Tusamehe tulipowanyamazisha tukidhani tunawapumzisha, na utujaalie mwisho mwema. Tunasema haya, nasi tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.