Mlango ukiliwa na mchwa, nani alipe?

Mvua za Agosti hadi Oktoba zinapolowesha Arua na Koboko, milango ya mbao hufura na kukwama, na mchwa hupanda ukutani kupitia vijia vyembamba vya udongo. Hapo ndipo ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji huanza.

Uganda ina sheria ya wenye nyumba na wapangaji tangu mwaka 2022. Inamtaka mwenye nyumba akodishe nyumba inayofaa kuishi binadamu. Kwa hiyo boriti za paa zilizooza, fremu iliyotafunwa na mchwa na dari linalobonyea ni mzigo wake. Kumkata mpangaji amana kwa sababu ya vanishi iliyopauka juani ni uonevu, maana huo ni uchakavu wa kawaida.

Mpangaji naye ana wajibu. Akivunja kitasa, akitoboa mlango kwa misumari, au mbao zikiungua kwa jiko la mkaa lililowekwa karibu nazo, gharama ni yake. Akiona kijia cha udongo kwenye fremu, atoe taarifa siku hiyohiyo; mchwa hula ndani kwanza, na rangi ya nje huendelea kung'aa.

Mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi sharti uandikwe. Hata ukiwa chini ya hapo, kuandika kunafaa. Kabla ya kukabidhiana funguo, wote wawili wakague kila mlango na dirisha, wapige picha kwa simu na kutia sahihi orodha ya kasoro.